Udongo wa Kanduyi Unapimwa Bunyala

Iwe uko shambani Nalondo, dukani pale njia panda ya Kanduyi, au umo ndani ya matatu unaelekea Kitale, karibu tuzungumze. Mada yetu leo huenda ikakushangaza, maana nataka tuongee habari za utafiti wa bahari: mikondo yake, chumvi yake, na mashapo, yaani ule udongo na mchanga unaobebwa na maji mpaka ukatua chini. Najua kuna atakayeuliza, sisi watu wa Bungoma na bahari wapi na wapi? Bahari tunayoijua ni malori yanayopita hapa usiku na mchana kutoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba. Hayo, na chumvi ya jikoni.

Basi tuanze na hiyo chumvi. Ukishika pakiti ya chumvi ya Kenya, kuna uwezekano mkubwa kwamba ilitoka Gongoni au Marereni, kaskazini ya Malindi. Huko maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua likayakausha, chumvi ikabaki chini nyeupe, ikakusanywa. Lita moja ya maji ya bahari yetu ina chumvi ya gramu 35 hivi. Kiwango hicho hakibadiliki sana ukiwa mbali na nchi kavu. Lakini karibu na mito hubadilika, na kusini kidogo ya mabwawa hayo ya chumvi ndipo mto mmoja mkubwa unapoingia baharini. Huo ni Mto Sabaki.

Sabaki ni mto wa majina matatu. Huko juu unaitwa Athi, katikati Galana, na ukifika pwani ndiyo Sabaki. Unazoa maji ya Nairobi, Kiambu na Ukambani, unapita Tsavo, kisha unamwaga kila ulichozoa karibu na Malindi. Mvua ikinyesha Machakos, baada ya siku chache bahari ya Malindi inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mtalii aliyekuja kuona maji ya buluu anaona matope. Ufukwe wenyewe umepanuka kwa mchanga, hata hoteli zilizojengwa ukingoni mwa maji sasa ziko mbali nayo.

Watafiti wamekuwa wakiufuatilia mto huo kwa miaka mingi. Kenya ina taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iliyoanzishwa mwaka 1979. Makao yake makuu yako Mombasa, na hapa upande wetu ina kituo Kisumu. Inayo meli inayoitwa Mtafiti, iliyotolewa na serikali ya Flanders kule Ubelgiji. Kazi yao ukiitazama kwa karibu haina uchawi. Chombo chenye vipimo hushushwa kwa waya hadi kina kinachotakiwa. Chombo hicho hakionji chumvi. Kinapima jinsi umeme unavyopita katika maji, kwani maji yakiwa na chumvi zaidi, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Papo hapo kinapima joto na kina. Kando yake huwa na chupa zinazofungika zenyewe zikiwa chini, zikaleta maji juu ili yachujwe. Kichujio kinakaushwa, kinapimwa uzito, unatolewa uzito wake wa mwanzo, na kilichozidi ndicho udongo uliokuwa ndani ya maji hayo.

Kisha huulizwa swali la pili: udongo huo unakwenda wapi? Hapo ndipo mikondo inapoingia. Pwani yetu ina mkondo mkubwa unaoelekea kaskazini mwaka mzima, na mabaharia Waswahili waliujua kabla ya vyuo vikuu kuzaliwa. Upepo wa kusi ukivuma, tangu Aprili hadi Oktoba hivi, unauongezea mkondo huo kasi. Upepo wa kaskazi ukija, mkondo unazuiwa. Unakutana na ule wa Somalia ambao sasa umegeuka unashuka, na yote miwili inakata kuelekea bahari kuu. Mwaka 1984 mtafiti anayeitwa Brakel alichapisha kazi aliyoifanya kwa picha za setilaiti za Landsat, akifuatilia matope ya mito ya Tana na Sabaki majira kwa majira. Wakati wa kusi, matope ya Sabaki husukumwa kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni. Wakati wa kaskazi hugeuka kusini, yakaelekea Malindi, penye hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Kwa hiyo mafuriko ya vuli, yakiangukia wakati kaskazi inaanza, ndiyo yanayopeleka tope juu ya matumbawe.

Na matumbawe hayo, msikilizaji, yana kumbukumbu. Tumbawe hukua mwaka hadi mwaka na kuweka tabaka, jinsi mti unavyoweka duara ndani ya shina. Mwaka 2007 kundi la wanasayansi likiongozwa na Dominik Fleitmann lilitoa matokeo ya tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Walichotafuta ndani yake ni madini yanayoitwa bari. Kwenye maji baridi ya mto, bari hushikamana na chembe za udongo. Chembe hizo zikikutana na chumvi ya bahari, bari inaachia na kuyeyuka, na tumbawe linaimeza pamoja na chokaa linayojijengea. Mwaka wa udongo mwingi ukawa tabaka lenye bari nyingi. Hivyo tabaka moja moja likasomwa, kutoka juu hadi chini.

Walikuta nini? Kutoka mwaka 1700 hadi 1900, udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa karibu ule ule. Tangu 1900 ukaanza kupanda bila kurudi, kadiri watu walivyoongezeka na ardhi ilivyobanwa. Kilele chake kilikuwa kati ya 1974 na 1980, ulipofika mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili. Huko juu misitu ilikuwa imekatwa, ardhi ikilimwa bila mpango, na ukame mkali wa mwanzo wa miaka ya 1970 ulikuwa umeiacha ardhi uchi. Mvua ziliporudi, zilikuta hakuna cha kuzizuia.

Fikiria hilo kidogo. Mkulima wa Machakos wa mwaka 1975 hakuwahi kwenda Malindi. Hakumwambia mtu yeyote kwamba shamba lake linaondoka. Lakini habari zake ziliandikwa, na zilisomwa baada ya miaka zaidi ya 30, na wanasayansi. Yeye mwenyewe hakusomewa. Hapo ndipo penye neno langu la leo.

Sasa turudi kwetu. Maji ya Kanduyi na ya Bungoma kwa jumla hayaendi Malindi. Mito ya Khalaba, Kuywa na Chwele hatimaye inaingia Mto Nzoia, na Sio unashika njia yake peke yake hadi Sio Port. Nzoia wenyewe unaanzia milima ya Cherangany na Elgon. Unapita Moi's Bridge, unapokea mito ya upande wa Kitale, unaanguka kwenye maporomoko ya Nabuyole pale Webuye, unakwenda zake Mumias, na mwisho unaingia Ziwa Victoria huko Bunyala, karibu na Port Victoria. Eneo ambalo mto huo unakusanyia maji ni kilomita za mraba karibu 12,900. Katika mito yote inayoingia ziwani kutoka Kenya, hakuna unaouzidi kwa wingi wa maji.

Maji hayo yakipata bahati, yana safari ndefu mbele yake. Yatatokea Jinja, yataingia Nile, yatapita Kyoga na Albert, Juba na Khartoum, mpaka bahari ya Mediterania kule Misri. Udongo haupati bahati hiyo. Mto ukifika ziwani unapoteza kasi. Mchanga hutua kwanza, kisha tope laini, na mengine hutua hata kabla ya kufika, pale Budalang'i, huko huko Bunyala, ambapo ardhi ni tambarare. Sakafu ya mto huinuka, na mto ulioinuka sakafu hauna pa kuweka maji ya mafuriko. Kuta za udongo zilizojengwa kuuzuia zimebomoka zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2003, 2008 na 2011. Kila mara tunaona kwenye habari akina mama wamebeba magodoro kichwani, tunasema pole. Sehemu ya kile kilichowafukuza nyumbani ilitoka kwenye mashamba yetu.

Sisemi kwamba udongo kusafiri ni dhambi. Mto wowote lazima ubebe. Bunyala hapangekuwa na rutuba kama mto usingepaletea tope kwa maelfu ya miaka, na mikoko mingi ya pwani humea kwenye tope. Kinachotisha ni kiasi. Huko kwenye mlango wa Mto Nyando, watafiti wa kituo cha kilimo mseto cha ICRAF, chenye makao yake Nairobi, walichomoa nguzo ndefu za matope kutoka chini ya ziwa, wakazisoma tabaka kwa tabaka, na kutazama kwa setilaiti jinsi tope linavyotanda juu ya maji. Walikuta hadithi ya Sabaki ikijirudia upande huu wa nchi: udongo umeongezeka sana katika karne moja iliyopita, hasa kwenye ile miaka ya mvua kubwa.

Na kuna jambo la mfukoni hapa. Mkulima wa Kanduyi anapanda mahindi mwezi Machi kwa mbolea ya DAP aliyoinunua kwa bei anayoijua mwenyewe. Fosforasi iliyo katika mbolea ile haiyeyuki ikaenda kirahisi. Inajishika kwenye chembe za udongo. Udongo ukienda, fosforasi imekwenda nao. Ikifika ziwani inalisha mwani na lile gugumaji lililoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, linalofunga bandari na kunasa nyavu za wavuvi. Umenunua mbolea Kanduyi, umelisha gugu la Bunyala. Mwaka ujao unarudi dukani kununua nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki, na udongo uliokwenda nayo vilevile.

Msikilizaji mwingine ataniambia, hayo ya ziwa nimeyakubali, lakini bahari bado iko mbali. Haiko mbali unavyodhani, kwa sababu inahusika na mvua. Ni kweli kwamba mvua yetu ya magharibi ina vyanzo zaidi ya kimoja. Ziwa lenyewe linatuletea, na upepo wenye unyevu kutoka Kongo unatuletea. Lakini mvua za mwisho wa mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, zina mkono wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1999 wanasayansi, akiwemo Toshio Yamagata wa Japani, walieleza hali ambayo upande wetu wa bahari hiyo unakuwa na joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa. Ikitokea hivyo, mawingu husogea huku, na Afrika Mashariki inanyeshewa kupita kiasi.

Ilitokea mwaka 1961, na baada yake Ziwa Victoria lilipanda kwa mita mbili na zaidi katika muda wa miaka mitatu hivi. Ilitokea 1997. Ilitokea tena 2019, kwa nguvu iliyoonekana mara chache tangu vipimo vianze. Novemba ya mwaka huo milima ya West Pokot iliporomoka usiku na kuua makumi ya watu, si mbali na Kitale. Kufikia Mei 2020 ziwa lilikuwa limefika kiwango kilichovunja rekodi ya mwaka 1964. Joto la bahari lilipimwa mapema na vyombo vinavyoelea, vile vinavyozama hadi mita 2,000, vikarudi juu kila baada ya siku 10, vikituma habari za joto na chumvi kwa setilaiti. Kuna karibu 4,000 vya aina hiyo katika bahari za dunia. Maana yake ni kwamba mwaka wa kuoshwa kwa udongo una dalili zake, na dalili zinaonekana baharini kabla ya tone la kwanza kuanguka Kanduyi.

Kwa hiyo tunayo maarifa mwanzo na mwisho. Bahari inapimwa, tunajua mvua kubwa inakuja. Ziwa linapimwa, tunajua udongo mwingi umefika. Katikati yako mashamba, na katikati hapo ndipo pasipo na habari. Ripoti zinaandikwa kwa Kiingereza kigumu na kuwekwa Kisumu, Nairobi na Mombasa. Mtu anayeweza zaidi kupunguza tarakimu ya udongo unaopotea, yaani mwenye jembe na mteremko, hajawahi kuonyeshwa tarakimu yenyewe. Anaambiwa tu kwenye baraza, "Tunzeni mazingira." Tunzeni kiasi gani? Tulipoteza kiasi gani mwaka jana? Mwaka huu tumepata nafuu au tumezidi kuharibika? Hakuna anayemjibu.

Wala mwenye jembe si mkosaji peke yake. Barabara zetu nyingi zimechongwa mitaro inayokusanya maji ya kilomita nzima na kuyaelekeza shambani kwa mtu mmoja. Misimu miwili haipiti, pamekuwa korongo. Matrekta ya miwa yanakanyaga ardhi ikiwa bado mbichi. Udongo unachimbwa wa matofali, mchanga unazolewa mtoni, na shimo linaachwa wazi. Mkandarasi wa barabara naye anastahili kuonyeshwa tarakimu hiyo, tena kabla hajalipwa.

Je, mkulima wa kawaida anaweza kazi ya vipimo? Tunao mfano hapa hapa. Shirika la Vi Agroforestry liliendesha mradi wa kaboni ya udongo upande wa Kisumu na upande wetu wa Kitale na Bungoma. Vikundi vya wakulima vilipanda miti shambani, vikatumia mboji na kuacha mabaki ya mazao yafunike udongo, na wakulima wakawa wanaandika walichofanya. Januari 2014 mradi huo ukawa wa kwanza duniani kupewa hati za kaboni kwa njia hiyo ya kilimo. Malipo hayakumtajirisha mtu, tusidanganyane. Lakini ulithibitisha kwamba kalamu ya mkulima wa Bungoma inaweza kuandika takwimu zinazokubaliwa kimataifa.

Basi nina mapendekezo, na la kwanza halihitaji pesa. Mwalimu wa sayansi, sikiliza. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi. Mvua kubwa ikishanyesha, mtu mzima asimame darajani, ashushe ndoo kwa kamba, ateke maji ya katikati ya mto. Watoto wasiingie majini. Jaza chupa, andika tarehe na jina la mto, iache imetulia dirishani usiku kucha. Asubuhi weka rula kando yake, mpime unene wa tope lililotua. Andikeni kwenye daftari. Maji yakibaki mekundu hata baada ya kutulia, ujue lile ndilo tope laini kabisa, linalofika mbali zaidi ziwani, ndiyo maana maabara hulichuja. Rudieni kila mvua kubwa, masika na vuli. Shule moja Kanduyi, moja Webuye, moja Kitale na moja Bunyala zikibadilishana madaftari, tutajua mto unachafukia wapi. Haba na haba hujaza kibaba.

Pendekezo la pili ni la kaunti na la wenye taasisi. Kwenye madaraja kadhaa ya Nzoia yako mabango yaliyopigwa mistari ya mita ya kusoma kina cha maji. Yaongezewe ubao mmoja wa Kiswahili unaosema wazi: mwezi uliopita mto huu ulipitisha udongo kiasi hiki hapa, mwezi kama huo mwaka jana ulipitisha kiasi hiki. Jumuiya za watumia maji zipewe nakala, na redio zipewe nakala. Sisi tunatangaza bei ya mahindi na matokeo ya mpira uwanjani Masinde Muliro. Hatuwezi kushindwa kutangaza udongo.

La tatu ni lako wewe mwenye mteremko. Matuta ya fanya juu unayajua, na nyasi za nepia ukingoni mwa tuta unazijua, kwa sababu ng'ombe wako anazila. Lima kukata mteremko, usilime kuufuata. Acha ukanda wa nyasi na miti kando ya mto hata kama jirani amelima hadi majini. Ufa ule mdogo uliouona baada ya mvua ya jana, uzibe leo kwa mawe na majani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na korongo halijengeki ukuta.

Baraza lijalo, chifu akishamaliza matangazo yake na kuuliza kama kuna mwenye swali, inua mkono. Muulize kwa heshima: mheshimiwa, mwaka jana Nzoia ulibeba udongo kiasi gani, na wa kata yetu ulikuwa kiasi gani? Huenda hatakuwa na jibu, wala si kosa lake, maana naye hajaletewa. Lakini ataandika swali, atalipeleka kwa mkubwa wake, na mkubwa wake ana simu ya watafiti wa Kisumu. Asipoleta jibu, muulize tena baraza litakalofuata.